Redio ya dijitali: bili atalipa nani?

Kuna maneno yamekuwa yakizunguka kwenye mikutano ya wanahabari na hata kwenye baraza zetu za Pwani, kwamba masafa ya FM yamejaa. Anayetaka kufungua kituo kipya Mombasa au Nairobi huambiwa hakuna nafasi, asubiri, dawa ni redio ya dijitali. Maneno hayo yana ukweli wa kutosha kumshawishi mtu, na ndiyo sababu yanataka kupimwa vizuri. Kwa upande wa ufundi mimi sina ubishi. Redio ya dijitali inafanya kazi, tena vizuri. Ninalotilia shaka ni kama inajilipa, na isipojilipa, nani atabaki na bili mkononi.

Naandika nikiwa Kabiria, huku Riruta, upande wa Dagoretti, magharibi mwa Nairobi. Mtaa jirani unaitwa Satellite, jina ambalo kwa mada ya leo linanichekesha kidogo. Ukishuka matatu ukaelekea nyumbani jioni, redio hazikuachi njiani: kwa kinyozi, kwa mama mboga, kwa fundi wa viatu, kwa muuza makaa. Zote ni FM. Nyingi ni zile redio ndogo za Kichina zenye tochi na tundu la kadi ya memori, za shilingi elfu moja hivi, na nyingine ni simu za kawaida zenye FM ndani yake. Hakuna anayelipa chochote kusikiliza, isipokuwa betri au chaji. Hilo tulikumbuke, kwa sababu ndiye mshindani ambaye redio ya dijitali inatakiwa imshinde.

Kwanza tuelewane maana. Vituo vya FM ni kama vibanda vilivyojipanga kando ya barabara. Kila kituo kina kibanda chake, yaani masafa yake, kati ya megahezi 87.5 na 108, na kila mmoja huwasha taa yake mwenyewe: mtambo wake, mlingoti wake au nafasi aliyoikodi kwenye mlingoti wa mwenziwe, na bili yake ya stima. Vibanda vikisongamana, sauti huingiliana. Redio ya dijitali ni jengo la ghorofa. Sauti hugeuzwa tarakimu na kubanwa, kisha vituo vingi hufungwa pamoja kama mtumba mmoja, ambao wataalamu huuita maltipleksi, na mtumba wote hurushwa na mtambo mmoja. Katika mfumo wa DAB+, uliotolewa mwaka 2007, mtumba mmoja wenye upana wa megahezi moja na nusu hivi hubeba vituo kama 18 vya ubora wa kawaida. Hutumia masafa ya megahezi 174 hadi 240, mbali kabisa na FM, kwa hivyo redio uliyo nayo nyumbani haitaunasa hata uizungushe mpaka alfajiri.

Faida zake nisizifiche. Mtambo mmoja kubeba vituo 18 ni nafuu kuliko mitambo 18, kwa stima na kwa dizeli ya jenereta. Serikali ya Norway ilipoamua kuhama ilisema kurusha kituo kwa FM katika nchi ile ya milima kunagharimu mara nane kuliko kwa DAB. Kwa hesabu hiyo Norway ikazima FM ya vituo vya kitaifa mwaka 2017, mkoa kwa mkoa, kuanzia Januari kaskazini mpaka Desemba. Lakini Norway ni nchi ya watu milioni tano na kidogo, wenye mafuta ya petroli, na hata huko vituo vingi vidogo vya mitaani viliachiwa FM yao. Na nafuu ile ya mara nane ni nafuu ya mrushaji. Msikilizaji alitoa pesa zake mwenyewe kununua redio mpya ya jikoni na kifaa kipya cha gari.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Kwenye FM, mwenye kituo ni mwenye nyumba. Kwenye dijitali ni mpangaji, na mwenye maltipleksi ndiye mwenye jengo. Wapangaji wakiwa 18, kodi inaweza kuwa nafuu. Wakiwa watatu, jengo halipungui urefu, mlinzi analipwa vilevile, na dizeli ni ileile. Basi kila mtu humngoja mwenzake ahamie kwanza. Mwenye kituo anangoja wasikilizaji wanunue redio, msikilizaji anangoja kuwe na vituo vya maana, na mwenye duka haagizi redio ambazo hakuna aliyeziulizia.

Sisi wa Afrika hatuhitaji kukisia mambo haya. Redio ya dijitali ya setilaiti ilitushukia sisi kutoka angani kabla ya Wamarekani kuwa nayo. Kampuni iliitwa WorldSpace. Aliianzisha Noah Samara, mwanasheria aliyezaliwa Ethiopia, mwaka 1990 huko Washington, na nia yake ilikuwa njema: kuipa Afrika redio safi itakayofikisha habari na elimu mahali ambapo mlingoti wa FM hauwezi kufika. Fedha nyingi za mwanzo zilitoka kwa wawekezaji wa Saudi Arabia. Tarehe 28 Oktoba 1998 setilaiti yao, AfriStar, ilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, na mwaka uliofuata matangazo yakaanza. Miale mitatu ya setilaiti ile ilifunika bara zima, kila mwale ukiwa na uwezo wa kubeba makumi ya vituo. Waliozisikia redio zile wanakumbuka: hakuna mkwaruzo, hakuna kuingiliana, BBC kama yuko sebuleni.

Redio zenyewe zilitengenezwa na makampuni ya Kijapani: Hitachi, JVC, Panasonic, Sanyo. Mwanzoni ziliuzwa zaidi ya dola 200, yaani zaidi ya shilingi elfu kumi na nne za Kenya za wakati ule. Halafu antena yake lazima ione mbingu. Ukiiingiza ndani ya nyumba ya mawe Mji wa Kale, au ukiweka chini ya mabati ya Kabiria ghorofa mbili chini, inanyamaza. Kwenye matatu ndiyo kabisa. Wamarekani walipoanza redio zao za setilaiti, XM mwaka 2001 na Sirius mwaka uliofuata, walijua tatizo hili wakajenga mitambo ya ziada ardhini ndani ya miji, na wakakubaliana na watengenezaji wa magari redio ziwekwe humo tangu kiwandani. Pamoja na yote hayo, kampuni hizo mbili zilielemewa na gharama zikaungana mwaka 2008, na mwanzoni mwa 2009 ziliokolewa kwa mkopo wa dola milioni 530 wa Liberty Media. Hiyo ni Marekani, nchi ambayo mtu hukaa ndani ya gari muda mrefu na kadi ya benki iko mfukoni.

WorldSpace mwanzoni ilitegemea vituo vikodi nafasi kwenye setilaiti, msikilizaji asikilize bure. Vituo havikulipa vya kutosha. Ikageuka, ikataka msikilizaji alipe kila mwezi. Afrika hawakulipa, ikahamishia matumaini India. Mwaka 2005 iliuza hisa zake katika soko la NASDAQ kwa dola 21 hisa moja. Oktoba 2008 ilikuwa mahakamani Marekani ikiomba kinga dhidi ya wadai wake, ikitaja mali ya dola milioni 307 na madeni ya dola bilioni 2.12, ingawa sehemu kubwa ya deni hilo ilikuwa mgao wa faida za baadaye uliokuwa umeahidiwa wawekezaji wa mwanzo, faida ambayo haikuja. Wateja wake wa kulipa kila mwezi walikuwa kama 170,000 katika nchi kumi, na wengi wao Wahindi. Usiku wa mwisho wa mwaka 2009 wateja wa India nao walikatiwa.

Kenya tulikuwemo, tena kwa pesa za umma. Taasisi ya Elimu ya Kenya, KIE, ambayo leo ni KICD, ilipeleka vipindi vya redio vya shule kupitia WorldSpace, na redio hizo zikanunuliwa kwa ajili ya shule za msingi. Wazo lilikuwa zuri. Mwalimu wa Tana River na mwalimu wa Turkana wasikie somo moja kwa sauti moja safi. Kampuni ilipokufa, redio zile zikafa nayo. Mtu ananiambia mambo ya teknolojia ni hivyo, hupitwa na wakati. Hapana. Redio ya FM ya marehemu babu yangu bado inanasa Pwani FM leo, kwa sababu FM haina mwenyewe. Hakuna kampuni ambayo ikifilisika Marekani, redio ya jikoni kwako Lamu inageuka tofali.

Hapa Kabiria kuna fundi wa redio na simu, meza yake iko kando ya barabara chini ya mwavuli. Chini ya meza ana WorldSpace mbili zilizofunguliwa. Nilipomuuliza za kazi gani, akacheka. "Ustadh, hizi zilikuwa na spika nzuri sana. Spika nilishauza." Kilichobaki ni kasha na ubao wa nyaya ambao hata yeye, anayejua kupata shilingi kwenye kila kitu, hajaupatia mnunuzi.

Ulaya nao wamejikwaa, na nitapita haraka. BBC ilianza DAB mwaka 1995, na mpaka leo Uingereza haijazima FM. Serikali ilishasema itabaki angalau mpaka 2030. Mwaka 2008 Channel 4 iliyokuwa imeshinda maltipleksi ya pili ya taifa ilijitoa kabla ya kurusha hata neno moja. Ureno ilizima DAB yake mwaka 2011. Canada, walioanza kwa shangwe miaka ya tisini mwishoni, waliiacha. Ireland, shirika la taifa la RTÉ lilifunga DAB tarehe 31 Machi 2021 baada ya kuona wanaoitegemea hawafiki hata mmoja katika kila mia, ilhali wengi mno walikuwa bado kwenye FM. Wenye DAB ya zamani nao waliumia kwa njia nyingine: DAB+ ilipotoka, redio nyingi za mfumo wa kwanza hazikuweza kuisoma, na aliyewahi kununua ndiye aliyekuwa wa kwanza kutupa.

Mfano wa kinyume upo, na uko karibu nasi. Mwaka 1949, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ofisa wa habari aliyeitwa Harry Franklin aliisumbua kampuni ya Ever Ready mpaka ikamtengenezea redio ya betri ndani ya kasha la aluminiamu lililofanana na sufuria. Iliuzwa pauni tano, betri pauni moja na shilingi tano. Watu wakaiita redio ya sufuria, na wakainunua kwa maelfu. Franklin hakuanza na mtambo akangoja redio zije. Mitambo ya Lusaka ilikuwepo tayari. Kilichokosekana ni kifaa ambacho mtu wa mshahara mdogo angeweza kukinunua. Leo redio ya DAB+ ya bei ya chini kabisa Ulaya ni kama pauni 25 au 30. Ikifika Mombasa na ushuru wake, ni zaidi ya shilingi elfu nne. Kwa mama mboga wa Kabiria hizo ni redio nne, na yake inafanya kazi. Tena redio ya dijitali hula betri zaidi, kwa kuwa ndani yake kuna kompyuta ndogo inayofungua ule mtumba kila sekunde. Na wimbi likidhoofika, FM hukwaruza ukaendelea kusikia. Dijitali hukatika kabisa.

Sasa magari, maana watetezi wa DAB+ wakibanwa hukimbilia huko. Wanasema Ulaya kila gari jipya linakuja nayo. Sawa, lakini magari yetu yanatoka wapi? Simama Changamwe au kwenye yadi za magari Ngong Road uangalie. Mengi mno ni mitumba ya Japani. Na Japani haikujenga mfumo wa DAB. Hata FM yao si yetu: yao huanzia megahezi 76, na kwa miaka mingi iliishia 90, kwa hivyo kila anayenunua gari kutoka huko hulazimika kufungiwa kifaa cha kubadilisha masafa, au kung'oa redio yote, ili asikie vituo vya Kenya. Nchi ambayo magari yake hayasomi vizuri hata FM yake haitapata DAB+ kwa kupitia magari. Na simu? Mwaka 2016 LG walitoa simu moja yenye DAB+, Stylus 2, ikasifiwa kuwa ya kwanza. Watengenezaji wengine hawakuifuata.

Tuliyoyaona kwenye televisheni yanatufunza zaidi kuliko Norway. Tanzania ilianza kuzima analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Kwetu, Rais Kibaki alizindua televisheni ya dijitali Desemba 2009, lakini kuhama kwenyewe kukawa vita. Leseni za kusambaza zilikuwa za Signet, chini ya KBC, na kampuni ya Kichina ya Pan African Network Group. Royal Media, Nation na Standard wakasema haiwezekani wajengewe ghorofa na mtu mwingine halafu waambiwe wawe wapangaji. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, ikaamuliwa tarehe 29 Septemba 2014. Tarehe 14 Februari 2015 mitambo ya analojia Nairobi ikazimwa, na Citizen, NTV na KTN zikawa giza kwa takriban wiki tatu, mpaka zikarudi kwa mtandao wao wenyewe wa kusambaza. Sisi watazamaji tukanunua ving'amuzi, kila mmoja kwa elfu kadhaa, na wengine tukanunua mara mbili.

Lakini tazama nani aliyeweza kujijengea mtandao. Ni wakubwa watatu, wakichangiana. Stesheni ndogo ya Pwani haina ubavu huo. Nayo televisheni ilikuwa na mahali pa kuhamia kwa lazima: kulikuwa na tarehe ya kimataifa, 17 Juni 2015, na masafa yaliyoachwa yalitakiwa na makampuni ya simu, ambayo yana pesa. Masafa ya FM hayagombaniwi na kampuni ya simu. Hakuna tajiri anayengoja nje ya mlango na hundi, na kwa hivyo hakuna atakayegharimia kuhama.

Serikali nayo tusiitegemee sana kwa mitambo. Mwaka 1989 KBC ilikopeshwa na Japani kuboresha mitambo na studio zake, serikali ikadhamini, na deni lile likavimba kwa riba na adhabu mpaka likawa mabilioni ambayo shirika halikuweza kuyalipa. Kila bajeti ya KBC baada ya hapo imebeba kivuli chake.

Kuna jambo moja la Nairobi ambalo watu wa Pwani hawalijui, na mimi nimelijua kwa kukaa huku. Ukifungua masafa ya 99.9 ukiwa Korogocho unapata Koch FM. Ukiyafungua hayohayo ukiwa Kibera unapata Pamoja FM. Huku kwetu upande wa Kawangware ni Mtaani Radio. Masafa ni mamoja, vituo ni vingi, kwa sababu kila mmoja ana mtambo mdogo wa nguvu ndogo unaofunika mtaa wake tu. Pamoja FM ilianza 2007, na baada ya uchaguzi wa mwaka huo, Kibera ilipokuwa inaungua, ilikuwa sauti ya kutuliza watu ndani ya mtaa wenyewe. Kituo cha namna hiyo kinahitaji kilomita chache tu. Kukiingiza kwenye maltipleksi inayofunika Nairobi nzima mpaka Kiambu ni kumwambia mwenye kioski akodi duka zima la Sarit Centre ili auze nyanya. Atalipia eneo ambalo halihitaji kwa wasikilizaji ambao si wake.

Na hii ndiyo njia ambayo, kwa maoni yangu, haijatembewa vya kutosha Pwani. Likoni, Kisauni, Old Town, Malindi, Watamu: mitambo midogo, nguvu ndogo, masafa yakirudiwa kwa umbali unaofaa. Kabla mtu hajaambiwa FM imejaa, aulizwe mwenye leseni za mitambo mikubwa kama anatumia zote, na kama anayefunika kaunti tatu anahitaji kufunika zote tatu.

Haya si mazungumzo ya kupitisha muda. Mwaka jana vijana wa kwetu, wanaosimamia madrasa na darsa za akina mama, walinipigia simu. Wana fungu la mchango walilokusanya kwa ajili ya kituo cha redio. Sehemu ni ya watu wa nyumbani, sehemu imetoka kwa ndugu walioko Oman na Dubai. Wametafuta masafa, wamechoka, na mtu mmoja amewashauri waweke pesa kando kungojea dijitali, au hata watangulie kulipia nafasi. Walitaka niwaambie kama ni busara.

Niliwauliza swali moja: hizi pesa zilitolewa kwa nia gani? Wakasema waliochanga wengi walitoa sadaka jaria, kwa makubaliano ya kununua mtambo uwe wakfu. Basi. Mtambo wa FM ni mali. Unaweza kuuonyesha, unaweza kuuandika jina la marehemu mzazi wako, ukiharibika unatengenezwa, kituo kikifungwa unauzwa na pesa zinaingia kwenye kisima au darasa. Kwenye maltipleksi huna mtambo. Una mkataba na kodi ya kila mwezi. Mchango wa wakfu ukiutia huko, baada ya miaka miwili umekwisha wote mikononi mwa mwenye jengo, na hakuna hata msumari uliobaki wa kuwaonyesha waliotoa. Sitoi fatwa, hilo ni la masheikh wetu. Ila niliwaambia waende kwa waliochanga na kwa masheikh kabla ya kwenda kwa wakala yeyote wa dijitali.

Walikuwa na swali la pili, lile ambalo kila kijana analo: kwa nini tusirushe kwa intaneti tu? Hili nalo lina bili, ila angalau inaonekana. Kituo kinachorushwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde humla msikilizaji megabaiti 29 kwa saa. Akisikiliza saa nne kila siku, mwisho wa mwezi ametumia gigabaiti tatu na nusu. Kwa ndugu wa Muscat mwenye waifai nyumbani hilo si kitu. Kwa mama wa Kisauni anayenunua bando la shilingi ishirini, darsa ya saa moja kila asubuhi ni gharama ya sukari. Kwa hiyo mwenye kituo cha intaneti amewahamishia wasikilizaji bili yake ya mlingoti, na maskini ndiye anayeihisi kwanza. Lakini hana jengo la kukodi, hana deni la mtambo, na akishindwa anazima kompyuta anabaki na kompyuta yake.

Ndiyo sababu nadhani simu imeimaliza biashara ya DAB+ huku kwetu kabla haijaanza. Mwenye pesa za kununua redio ya elfu nne tayari ana simu janja, na asiye nazo ana FM. Katikati hapo palipobaki ni padogo mno kujengea ghorofa.

Vijana walianza kwa intaneti, darsa mbili kwa wiki na Qur'ani usiku, huku ombi lao la masafa ya nguvu ndogo likiwa bado ofisini. Mimi huwasikiliza huku Kabiria. Niliwasihi jambo moja dogo: watangaze kabla ya kila adhana kwamba ni ya Mombasa. Jua hutangulia kuzama kwenu kuliko kwetu kwa dakika kama kumi, huzidi au hupungua kwa majira, na Ramadhani kuna mtu huku Nairobi ameshika tende mkononi anawasikiliza.